Kabla ya Kuihukumu Oili Nyepesi: Ushahidi Uliomo Ndani ya Oili Chafu

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu mafundi, ndugu wamiliki na madereva wa magari, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo katika gereji nyingi humalizwa kwa vidole viwili. Fundi hufungua galoni la oili iliyoandikwa 0W-20, huchovya kidole, hukisugua kwa dole gumba, kisha humwambia mwenye gari, "Mzee, haya ni maji." Gari lenyewe limeshuka bandarini hivi karibuni kutoka Japani, na kifuniko cha kujazia oili kimechapwa 0W-20, lakini kabla ya jua kutua limekwisha kujazwa 20W-50 na mwenyewe anarudi nyumbani akiamini ameiokoa injini yake. Jirani yake, aliyekisoma kitabu cha gari, hushikilia 0W-20 kwa sababu kimeandikwa hivyo, na kila asubuhi anapowasha gari hutega sikio akiogopa kusikia beringi zikigonga. Watu hawa wawili hubishana mwaka mzima, wala hakuna kati yao aliyewahi kuiuliza injini. Ninachotaka kusema leo ni kwamba injini huweza kuulizwa, kwa maana majibu yake yamo katika oili chafu tunayoimwaga kila sevisi. Ila ni lazima tujue kuisoma, na tujue pia mahali inaponyamaza.

Niruhusuni kwanza nikiondoe kipimo cha vidole. Namba za kwenye galoni zinatokana na kanuni ya J300 ya SAE, chama cha wahandisi wa magari. Namba iliyo pamoja na herufi W inahusu baridi: oili ya 0W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini izunguke kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna gari la Dar es Salaam litakalokutana nayo. Namba ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo hupimwa kwenye nyuzi 100 za selisiasi, joto la oili ndani ya injini iliyokwisha kupata moto. Hapo oili ya daraja la 20 ina mnato wa kuanzia sentistoki (kipimo cha mnato) 6.9 hadi chini ya 9.3, daraja la 30 huishia chini ya 12.5, daraja la 40 chini ya 16.3, na daraja la 50 huanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Sasa angalieni ajabu hii: oili ya 0W-20 ikiwa kwenye nyuzi 40 ina mnato wa kiasi cha sentistoki 40 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba ile oili ambayo fundi ameisugua asubuhi kwenye kivuli cha mwembe na kuiita maji ni nzito kuliko maradufu ya 20W-50 inayozunguka ndani ya injini iliyo moto. Kidole hakifiki kwenye nyuzi 100, na kikifika hapo hatutakuwa tena na shauku ya kupima mnato.

Hata hivyo, wanaoshuku oili nyepesi hawajakosea kabisa. Msukumo wa kuipunguza uzito ulitoka kwanza kwenye matumizi ya petroli, si kwenye uhai wa injini. Marekani ilitunga mwaka 1975 sheria iliyowalazimisha watengenezaji kufikia wastani fulani wa matumizi ya mafuta kwa magari yao yote, na kila msuguano uliopunguzwa ndani ya injini ukawa na thamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ford na Honda zilianza kuelekeza 5W-20 kwa magari yao mengi ya soko hilo, baadaye 0W-20 ikawa jambo la kawaida, na mwaka 2013 kanuni ya SAE ikaongezewa daraja la 16, kisha mwaka 2015 madaraja ya 12 na 8. Kwa baadhi ya injini, kitabu cha soko moja huelekeza 0W-20 peke yake wakati kitabu cha soko jingine huruhusu 5W-30 na hata 10W-30 kwa injini ileile. Anayeuliza, "Je, nchi yenye joto na vumbi kama yetu ilifikiriwa?" anauliza swali la haki. Kosa lake ni kulijibu papo hapo bila kupima.

Upimaji huu si mgeni duniani. Katika miaka ya 1940, kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western huko Marekani ilianza kuchunguza kwa spektrometa oili ya injini za dizeli za vichwa vya treni, ili ijue injini ipi imeanza kuchakaa kabla haijasimama porini. Katika miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la nchi hiyo likaichukua njia hiyo kwa injini za ndege. Kanuni yake ni rahisi kueleza: tone la oili huchomwa katika joto kali mno, na kila elementi iliyomo hutoa mwanga wa rangi yake, kisha mashine husoma ukali wa kila mwanga na kuubadilisha kuwa namba ya sehemu kwa milioni. Chuma hutoka kwenye silinda, krankshafti, kamshafti na gia. Kromu hutoka kwenye ringi, alumini kwenye pistoni na baadhi ya beringi, na shaba, risasi na bati kwenye beringi na bushi. Silikoni mara nyingi ni vumbi. Sodiamu na potasiamu zikipanda pamoja, tazama kama maji ya rejeta yanavuja kuingia ndani.

Nataka tuone ukubwa wa kitu tunachokipima. Injini yenye lita 4 za oili ina takriban kilo 3.4 za oili hiyo. Karatasi ikisema chuma ni sehemu 20 kwa milioni, chuma chote kilichomo humo ni miligramu 68, yaani hakifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Tunazungumzia unga kidogo mno. Kwa kipimo chepesi namna hiyo, mtu anayepokea karatasi moja yenye chuma 14 na nyingine yenye chuma 17, kisha akatangaza kwamba oili ya kwanza ni bora kuliko ya pili, hajalinganisha oili yoyote. Chupa mbili zilizojazwa kutoka kwenye chombo kimoja zinaweza kutofautiana kwa namba mbili au tatu bila mtu yeyote kukosea.

Ili tujue twende tukatafute nini, ni muhimu tuelewe oili nyepesi inaweza kuumiza wapi. Beringi za krankshafti huelea juu ya utando wa oili unaojengwa na mzunguko wenyewe, na unene wa utando huo hutegemea mnato, kasi na mzigo. Injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha, hata oili ya daraja la 20 hutenganisha chuma na chuma; ila mzigo ukizidi, kasi ikishuka na joto likipanda, kama gari lililojaa watu na mizigo linapopanda mlima kwa gia kubwa, utando huo hupungua hadi vilele vya nyuso mbili huanza kugusana. Ndiyo maana J300 ina kipimo kingine kwenye nyuzi 150 chini ya mkatiko mkali, yaani oili ikiburutwa kwa kasi kubwa kati ya nyuso zilizokaribiana: daraja la 20 halitakiwi kushuka chini ya milipaskali-sekunde (kipimo kingine cha mnato) 2.6, wakati daraja la 50 kikomo chake ni 3.7. Kwingineko, yaani kwenye kamu na kwenye ringi pistoni inapogeuza mwendo juu ya silinda, kugusana hutokea kwa oili yoyote ile, na hapo mlinzi ni viongezi, yaani kemikali zinazotiwa kwenye oili, hasa mchanganyiko wa zinki na fosforasi, unaojenga ngozi nyembamba juu ya chuma. Oili nyepesi yenye viongezi vizuri huweza kuilinda kamu vizuri kuliko oili nzito iliyotengenezwa ovyo. Kwa hiyo mnato ukiwa ndio tatizo, tunategemea dalili ijitokeze kwanza kwenye metali za beringi.

Na hapa pana mtego. Kwa miaka mingi mafundi wa maabara walizoea kutazama risasi: ikipanda, beringi zinaliwa. Lakini tangu Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwaka 2000 agizo la magari yaliyofikia mwisho wa matumizi, watengenezaji walianza kuiondoa risasi kwenye beringi, na injini nyingi ndogo za kisasa zina beringi za alumini na bati. Mwenye injini ya namna hiyo akiona risasi ni sifuri akafurahi kwamba beringi zake ni salama, amefurahia ukimya wa mtu ambaye hayumo nyumbani. Atazame alumini na bati, na akumbuke kwamba alumini ni ya pistoni pia, na ni ya vumbi pia.

Vumbi hilo ndilo nitakalokaa nalo kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linaloipotosha hukumu ya oili nyepesi katika nchi zetu kuliko kitu kingine chochote. Udongo una silikoni na alumini kwa pamoja. Vumbi likipita kwenye chujio la hewa huingia kati ya ringi na silinda na kufanya kazi ya msasa, na karatasi ya maabara hurudi na silikoni juu, alumini juu, chuma juu na kromu juu. Mwenye gari aliyehamia 0W-20 mwezi uliopita huiona namba ya chuma, hashuki chini hadi kwenye mstari wa silikoni, na huapa kwamba oili nyepesi imemuulia injini. Nililiona hili kwenye gari langu mwenyewe. Chuma kilipanda sampuli mbili mfululizo, nami nilikuwa tayari kurudi kwenye oili nzito, hadi nilipolinganisha na silikoni iliyokuwa ikipanda nayo bega kwa bega. Klipu ya bomba la hewa, baada ya chujio, ilikuwa imelegea. Niliikaza kwa bisibisi, nikabadilisha chujio, na sampuli iliyofuata, kwa oili ileile nyepesi, chuma kilishuka.

Ndugu mafundi mtaniwia radhi, lakini tabia ya kupuliza chujio la hewa kwa upepo wa kompresa na kulirudisha ina sehemu yake katika habari hii, kwani upepo mkali hutoboa karatasi matundu yasiyoonekana kwa macho, na chujio linaloonekana safi likawa limegeuka chekecheke. Upande wa pili, si kila silikoni ni vumbi. Injini iliyofunguliwa karibuni na kufungwa kwa gundi ya gasketi hutoa silikoni kwa sampuli moja mbili za mwanzo. Hapo utaiona silikoni imepanda peke yake, chuma na kromu vimetulia.

Kuna hali moja ambapo oili nyepesi ina udhaifu wa kweli, nami nisingependa kuificha. Ni petroli inayoingia kwenye oili. Gari linalotumika kwa safari fupi, linalokaa kwenye foleni, au lenye injini inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hupitisha petroli kidogo kandoni mwa ringi hadi kwenye sampo, chombo cha oili kilicho chini ya injini. Petroli hupunguza mnato. Oili ya daraja la 40 ikipoteza sentistoki mbili huenda ikawa bado ni daraja la 40 au imeshuka hadi 30, na injini haitajali. Lakini oili ya daraja la 20 iliyoanza na 8.3 ikipoteza hizo mbili inabaki na 6.3, chini ya kikomo cha daraja lake. Oili nyepesi haina akiba. Kwa hiyo anayeitumia kwenye foleni za mjini anapaswa kusoma mstari wa mnato na mstari wa petroli kabla ya kusoma metali, na akikuta petroli ni nyingi, afupishe kilomita za sevisi, atafute chanzo kama ni injekta inayovuja, na ikiwa kitabu kinamruhusu, apande daraja moja hadi 30. Kuruka kutoka 20 hadi 50 sioni sababu yake katika injini nzima: pampu hufanya kazi zaidi, oili huchelewa kufika juu asubuhi, na mitambo ya kubadilisha muda wa vali, inayoendeshwa na oili yenyewe, ilipimwa kwa mnato mwingine.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe. Chupa ya kwanza kupelekwa maabara inapaswa kuwa na oili mpya kutoka galoni ileile unayotaka kuitumia. Wengi huruka hatua hii kwa kuona ni kupoteza pesa. Bila chupa hiyo hutajua mnato ulioanza nao, wala kiwango cha zinki, fosforasi na kalsiamu, na katika masoko ambako galoni huweza kujazwa upya na kupigwa lebo nzuri, huenda ukatumia mwaka mzima ukichunguza uchakavu wa oili ambayo haikuwa kile ulichodhani. Kama fosforasi ya galoni lako iko karibu na sifuri, usiendelee na jaribio, rudi dukani.

Oili chafu ichukuliwe injini ikiwa moto, baada ya gari kutembea, ili unga usiwe umetulia chini. Ukichukua wakati wa kumwaga, acha oili itiririke kwanza, ukinge chupa katikati ya mmiminiko, wala usikinge ya mwanzo iliyobeba uchafu wa chini wala ya mwisho. Chupa iwe ya maabara. Chupa ya maji ya kunywa iliyosuuzwa haifai, na beseni la gereji ambalo jana lilikinga oili ya lori la dizeli halifai kabisa.

Sampuli ya kwanza baada ya kubadilisha aina ya oili isihukumiwe. Katika kila injini hubaki sehemu ya oili ya zamani isiyomwagika, na oili mpya yenye sabuni tofauti huweza kuung'oa utando na takataka za miaka ya nyuma, hivyo karatasi hubeba habari za oili mbili. Kisha namba igawanywe kwa mwendo. Tuseme gari limetembea kilomita 5,000 na chuma ni 15. Hiyo ni 3 kwa kila kilomita 1,000. Sevisi iliyofuata limetembea kilomita 8,000 na chuma ni 20, namba kubwa zaidi, lakini kiwango ni 2.5, na injini imechakaa polepole zaidi. Injini inayokula oili huongeza ugumu mwingine: dereva aliyeongeza lita moja njiani kwenye injini ya lita 4 ameyeyusha ushahidi, na asipoandika alivyoongeza, maabara itasifu injini iliyochoka.

Kwa mwenye gari moja, ningemshauri achukue sampuli tatu kwa oili ya kwanza na tatu kwa ya pili, kwa njia zilezile na kilomita zinazokaribiana, na akiweza arudi tena kwenye ya kwanza aone kama namba nazo zinarudi. Mwenye magari kumi ya teksi ana bahati zaidi: atie oili nyepesi kwenye matano na ya daraja la 30 kwenye matano, baada ya sevisi tatu ayabadilishane. Kama metali za beringi zinafuata oili kila inapohama, hapo ana neno la kusema. Kama zinamfuata dereva mmoja au gari moja, tatizo liko kwenye mguu au kwenye injini. Wenye injini za dizeli wasichukue maneno yangu ya leo na kuyapeleka kwenye malori. Huko kuna masizi, na oili nyepesi za dizeli za kundi la FA-4 la API, taasisi ya petroli ya Marekani, zilizoanza Desemba 2016, hazikukusudiwa injini za zamani.

Limebaki jambo la ukimya wa mashine. Spektrometa ya kawaida huona chembe ndogo sana, za mikroni chache tu. Vipande vikubwa zaidi hupita bila kuungua vizuri, au hukamatwa na chujio la oili kabla ya kufika kwenye chupa. Beringi inayobanduka magamba inaweza kutoa karatasi yenye namba za kupendeza wiki chache kabla ya injini kugonga. Katika miaka ya 1970 Vernon Westcott alibuni njia ya kutandaza chembe hizo juu ya kioo kwa nguvu ya sumaku ili zitazamwe kwa hadubini, na maabara kubwa bado zinaitumia. Sisi tunaweza kufanya ndugu yake wa kijijini: lile chujio la oili lililotolewa likatwe kwa kifaa kisichoacha vumbi la chuma, karatasi yake ikunjuliwe juani, isuuzwe kwa petroli ndani ya chombo safi, na sumaku ipitishwe chini. Kinachometameta bila kuvutwa na sumaku huenda ni alumini au shaba. Watengenezaji wenyewe, wanapotaka kuipitisha oili kwa viwango vya ubora kama API SP au ILSAC GF-6 vilivyoanza mwaka 2020, hawatosheki na oili chafu. Huendesha injini kwenye benchi kwa saa nyingi, kisha huifungua na kupima sehemu zilizolika.

Nimeweka chupa tupu za maabara juu ya meza iliyo karibu na mlango, na kila moja ina karatasi ya kujaza. Atakayechukua, namwomba asiache wazi nafasi tatu: kilomita tangu oili ilipobadilishwa, kiasi cha oili kilichoongezwa njiani, na tarehe chujio la hewa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Karatasi ikirudi bila hayo, nitaweza kukwambia kuna chuma kiasi gani ndani ya chupa, wala sitaweza kukwambia chochote kuhusu gari lako.